Kuijua Kampala kabla ya kushuka basi: kisa cha wajumbe watatu kutoka Arua

Majina, tarehe na alama zinazoweza kuwatambulisha wahusika zimeondolewa. Hapa tunawaita Mama Mwenyekiti, Mhazini na Mzee Fundi.

Usuli

Kikundi cha washonaji 14 jijini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kilizoea kununua vitambaa kwa wachuuzi wanaovitoa Kampala na kuviuza kwao kwa bei ya juu. Walipopata oda ya sare za shule mbili, wakapiga hesabu na kuona faida yote ingebaki mikononi mwa wachuuzi. Wakakubaliana kutuma wajumbe watatu wakanunue wenyewe.

Mama Mwenyekiti ana miaka hamsini na ushei, anasema Kinubi, Kiswahili na Kilugbara. Mhazini ni binti wa miaka 24, mwenye simu janja na Kiingereza cha shule. Mzee Fundi anaijua cherehani nje ndani, ila mkono wake wa kushoto uliungua kwa pasi ya mkaa na ngozi ilipopona ikajikunja, vidole viwili havinyooki. Alikuwa na barua ya rufaa. Mahali pa kwenda paliandikwa neno moja tu: Mulago, hospitali ya taifa iliyoko Kampala.

Hakuna kati yao aliyewahi kulala Kampala. Kazi zilikuwa nne: kitambaa cha sare, vipuri vya cherehani, lebo za kikundi, na hospitali ya Mzee. Siku zilikuwa tatu, na fedha shilingi milioni 3.2 pamoja na nauli.

Arua yenyewe ni jiji tangu Julai 2020, na hilo liliwapa ujasiri uliowaponza kidogo. Walidhani Kampala ni Arua iliyotanuka. Lakini ukimwuliza mtu wa Kampala soko liko wapi, naye atakuuliza: soko gani? Nakasero la matunda na mboga? Owino, ambalo kwenye kibao limeandikwa St. Balikuddembe? Kikuubo, ambako ni uchochoro wa maduka ya jumla? Kiyembe kwa vitambaa? Kisekka kwa vipuri vya magari? Mgeni asiyejua atafute jina gani hubebwa na wa kwanza atakayempa jibu, na wa kwanza kujibu mara nyingi ni broka, yaani dalali.

Maandalizi ya wiki mbili

Mhazini alianza na simu. Alipakua ramani ya Kampala ili ifunguke bila intaneti, akaweka pini kwenye kila mahali alipopata jina lake: kituo cha mabasi, Kiyembe, Nasser Road ya wachapaji, Mulago. Kazi ilimchukua jioni mbili. Alipomwonyesha Mama, Mama akasema, "Mwanangu, hii naiona kama uzi uliochanganyika. Nichoree."

Mchoro uliotokea hapo ndio uliosaidia kuliko kitu kingine chochote katika safari hii, kwa hiyo tuueleze sawasawa. Ni karatasi moja ya daftari. Katikati kuna mstari mmoja mnene: Kampala Road. Mwisho wake mmoja unaendelea kuwa Bombo Road, njia ya Wandegeya na Kawempe, ambayo ndiyo njia ya kurudi Arua. Mwisho wa pili unaendelea kuwa Jinja Road. Juu ya mstari wameandika JUU: kilima cha Nakasero, yaani ofisi, benki, hoteli, Bunge. Chini ya mstari wameandika CHINI: maduka, akedi (majengo yenye maduka mengi madogo), teksi paki (kituo kikuu cha teksi, yaani mabasi madogo ya abiria), Kikuubo, Owino, na mwisho kabisa mfereji wa Nakivubo, ambao ndio kina cha bonde. Kituo chao cha basi, Arua Park, kiko chini. Kiyembe iko chini. Mwinuko ukawa dira yao: ukiona unapanda, unaelekea kwenye ofisi, ukiona unashuka, unaelekea sokoni na, mvua ikinyesha, kwenye maji.

Ramani ya simu haikuonyeshi hilo. Inaonyesha barabara kama nyuzi zilizolala kwenye meza, wakati Kampala ni jiji la vilima na mabonde.

Hatua ya pili ilikuwa simu za sauti. Mhazini alipiga simu nane kwa watu wa Arua wanaofanya biashara Kampala. Hakuwauliza barabara. Aliwauliza: "Ukipanda boda, unamwambia akupeleke wapi?" Majibu aliyaandika vilevile yalivyotamkwa. Mtu mmoja alimtajia jengo, mwingine benki iliyo mkabala, mwingine steji, yaani kituo cha boda au teksi. Kwa kila mahali akakusanya majina mawili au matatu, maana madereva hawajui yote.

Tatu, maneno. Kiswahili kinatosha Arua Park na kwa wafanyabiashara wengi, lakini ndani ya teksi na kwenye kupatana bei, Luganda ndiyo inayofungua mlango. Walijifunza machache tu na kuyarudia: *ssebo* kwa mwanamume na *nnyabo* kwa mwanamke, *ssente mmeka?* kuuliza bei. *Nsalirako* kuomba upunguziwe. Na *mu maaso awo*, maneno ya kumwambia kondakta asimame hapo mbele. Hayo ya mwisho Mama aliyarudia hadi wajukuu wake wakamwimbia. Abiria wa teksi ya watu 14 asiyejua kuyasema hushushwa steji mbili mbele ya alikokusudia.

Kuhusu hospitali, walifanya jambo moja: waliweka pini Mulago.

Maamuzi na sababu zake

*Tarehe.* Mpango wa kwanza ulikuwa wiki ya kwanza ya Juni. Mmoja wa waliopigiwa simu akawazuia: tarehe 3 Juni ni Siku ya Mashahidi, mahujaji wanamiminika Namugongo kutoka Uganda nzima na nchi za jirani, wengine kwa miguu. Loji zinajaa, njia za upande huo zinafungwa, na siku hiyo ni ya mapumziko kitaifa. Wakasogeza safari nyuma hadi katikati ya Mei. Hawakukumbuka kuwa Machi hadi Mei ni masika.

*Basi la usiku au la mchana.* Ni karibu kilomita 500 kupitia Pakwach na Karuma. Basi la mchana lingewafikisha jioni, saa ambayo Bwaise na Wandegeya zimejaa magari na loji ingetafutwa gizani. Basi la usiku hufika kabla ya mapambazuko. Walichagua la usiku kwa sharti moja: wakifika, hawatoki kituoni hadi kuche. Kabla ya kukata tiketi waliuliza kama njia iko wazi, tabia nzuri tangu daraja la Karuma lilipofungwa kwa ukarabati mwaka 2024 na magari kuzungushwa kupitia Masindi.

*Malazi.* Binti wa dada yake Mama anaishi Bwaise na aliwakaribisha bure. Walikataa kwa adabu, wakachagua loji jirani na Arua Park. Sababu zilikuwa tatu: mizigo ingeweza kubebwa kwa miguu hadi ofisi ya vifurushi ya basi, pale Kilugbara, Kinubi na Kiswahili husikika kila kona, na Bwaise ni bonde linalojulikana kwa mafuriko. Mtu kukataa kulala kwa mwana wa dada yake si jambo dogo. Mama alilipoza kwa kumwomba binti huyo awe mwenyeji wao wa mchana, akampelekea simsim na asali.

*Fedha.* Laki tano taslimu, zikagawanywa watu watatu. Zilizobaki ziliwekwa kwenye laini mbili za simu za mitandao tofauti, ili mtandao mmoja ukigoma kazi isisimame. Walijua kuwa kutoa kwa wakala kuna kodi ya asilimia 0.5 juu ya ada ya mtandao: ukitoa milioni 1.5, kodi peke yake ni shilingi 7,500. Wakaamua kuwalipa wauza jumla moja kwa moja kwa simu inapowezekana.

Yaliyotokea

*Siku ya kwanza, Jumanne.* Basi liliingia saa kumi na nusu alfajiri. Waendesha boda walikuwa mlangoni kabla injini haijazimwa, mmoja akiwa ameshashika begi la Mama. "Mwanangu, liache, tuko nyumbani hapa," Mama alimwambia kwa Kinubi. Kijana akacheka, akaliacha. Walikaa kwenye benchi hadi saa kumi na mbili na nusu, kisha wakaenda loji kwa miguu.

Siku hiyo walipanga kutonunua chochote. Walitembea mikono mitupu, fedha zimefungiwa loji, wakiulizia bei na kuzoea njia. Saa nne wakapanda Old Kampala kwenye Msikiti wa Taifa, ambao wengi bado wanauita wa Gaddafi. Mgeni hulipa kiingilio, hupewa kitambaa cha kujistiri asipokuwa nacho, na mwongozaji humpandisha mnara wenye ngazi 304. Walipanda na karatasi yao. Huko juu jiji lote liko wazi: teksi paki na uwanja wa Nakivubo chini kabisa, Nakasero ng'ambo ya bonde, Namirembe na kanisa lake kuu nyuma, Kibuli na msikiti wake upande mwingine, Makerere na Mulago kaskazini. Ndipo walipogundua kuwa Nasser Road wameichora mahali sipo: walikuwa wameiweka karibu na Wandegeya, kumbe iko jirani na Nkrumah Road, upande wa stesheni ya reli. Wakafuta, wakachora upya wakiwa wameegemea ukuta.

*Siku ya pili, Jumatano.* Mama na Mzee waliondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda Mulago. Walisubiri hadi saa tatu na nusu ndipo muuguzi akasoma barua na kuuliza, "Mzee, ni kovu la moto?" Huduma ya majeraha ya moto na upasuaji wa kurekebisha ngozi iko Kiruddu, upande wa Makindye kuelekea Munyonyo, zaidi ya kilomita 10 kutoka hapo na ng'ambo ya pili ya jiji. Walikodi gari binafsi, *special* kama wanavyoiita, kwa shilingi 50,000 bila kupatana sana kwa sababu ya haraka. Msongamano ukawashika mjini. Wakafika saa sita kasoro, orodha ya wagonjwa wa siku imeshafungwa. Mzee alipewa siku ya kliniki ya wiki iliyofuata.

Saa nane mvua ikanyesha. Wakirudi kwa teksi, magari yalisimama kabla ya kufika Clock Tower, maji yamefunika lami. Walikaa ndani ya teksi saa mbili.

Wakati huohuo Mhazini na binti wa Bwaise walikuwa Kiyembe. Pini iliwafikisha mbele ya jengo sahihi, lakini jengo lilikuwa akedi ya ghorofa kadhaa, vyumba vya duka vimebanana kama masanduku, na pini haina ghorofa. Broka akajitolea kuwapeleka. Mhazini alimshukuru akampigia mwenye duka, ambaye akamtuma kijana awachukue. Kabla ya kumfuata, Mhazini alimwuliza: "Oda yetu ni mita ngapi, na rangi gani?" Akajibu sawa. Swali hilo walikuwa wamelipanga Arua.

Kitambaa kilipatikana kwa bei ya chini kuliko ya wachuuzi, ila malipo yaligoma mara mbili mtandao ulipolemewa, na wakala wa kwanza hakuwa na pesa taslimu za kutosha. Ilibidi watoe kwa mawakala watatu.

*Siku ya tatu, Alhamisi.* Vipuri vilinunuliwa asubuhi kwa ndugu wa mmoja wa wale wanane. Lebo za Nasser Road zilikuwa zimeagizwa Jumanne jioni na sampuli kupigwa picha, lakini mvua ya Jumatano ilikata umeme na mchapaji akasogeza hadi Alhamisi saa kumi. Walipozipokea, herufi moja ya jina la kikundi ilikuwa imekosewa. Kosa halikuwemo kwenye sampuli. Hakukuwa na muda wa kuchapa upya, basi lao lilikuwa usiku huo. Walipunguziwa theluthi ya bei, wakazichukua.

Matokeo

Kitambaa na vipuri vilifika Arua salama kama kifurushi cha basi. Lebo 500 zenye kosa zilitumika ndani ya mifuko ya suruali, zisikoonekana. Mzee alibaki Bwaise kwa binti, malazi yaleyale yaliyokataliwa mwanzo, hadi siku ya kliniki. Hospitali iliwagharimu karibu shilingi 90,000 zisizopangwa na siku nzima ya watu wawili.

Uchambuzi

Tuanze na Mulago, maana hapo ndipo maandalizi yalipovunjika. Pini ilikuwa sahihi. Njia ilikuwa sahihi, muda wa kuondoka pia. Walichokosa ni kuuliza kama huduma yenyewe iko hapo. Masikioni mwa watu wa mikoani "Mulago" ni jina la hospitali yoyote kubwa ya Kampala, na waandika rufaa nao huliandika hivyohivyo. Lakini wakati Mulago ilipokarabatiwa, huduma kadhaa zilihamishiwa Kawempe na Kiruddu, na zote mbili leo ni hospitali za rufaa za kitaifa zinazojitegemea. Huduma nyingi za uzazi ziko Kawempe. Afya ya akili ni Butabika. Saratani na moyo zina taasisi zao pale kilimani Mulago. Angalia hili: hospitali ya Kawempe iko kando ya Bombo Road, njia ileile ya basi la Arua. Mjamzito mwenye rufaa ya Kawempe akishukia Arua Park amepita lango lake alfajiri, halafu atalipa boda kumrudisha.

Simu moja kwa aliyeandika barua ingetosha, ikiwa na maswali mawili: kitengo gani, na kliniki yake ni siku gani? Mhazini aliuliza maswali mazuri namna hiyo kuhusu kitambaa. Hospitali haikuulizwa kwa sababu kila mtu alidhani anaijua. Sehemu yenye jina kubwa ndiyo iliyochunguzwa kidogo zaidi.

Kosa la pili ni kupima Kampala kwa kilomita. Karatasi yao ilikuwa na umbali, haikuwa na saa. Kilomita 10 za alfajiri na kilomita 10 za saa kumi na moja jioni ni safari mbili tofauti, na mvua ikishuka ni safari ya tatu. Kwa upande wa CHINI, mvua kubwa ina maana ya kungoja. Anayepanda boda wakati huo atalipa zaidi na kulowa. Walilijua bonde, wakalichora kabisa, lakini hawakuliunganisha na kalenda. Kusogeza tarehe kutoka Juni hadi Mei kuliwaokoa na umati kukawaingiza kwenye mvua. Wiki ya mwisho ya Juni ingeepuka yote mawili, kwa kuwa Siku ya Mashujaa, tarehe 9, nayo ingekuwa imepita.

Kuhusu lebo, hapo hatuwalaumu sana. Sampuli ilionekana na kupigwa picha. Ila kazi ya Nasser Road ilihitaji kuagizwa kwa simu kabla ya safari, ili Jumanne iwe siku ya kukagua na si ya kuagiza. Kazi yoyote inayomtegemea mtu mwingine, umeme na mashine haifai kuwekwa ukingoni mwa tiketi ya kurudi.

Kilichofaa zaidi ni majina yaliyokusanywa kwa mdomo. Kampala haisomeki kwa namba ya nyumba. Majina ya barabara yenyewe hayatulii: Februari 2025 Mahakama Kuu iliamuru majina ya enzi za ukoloni yaondolewe kwenye barabara na bustani za jiji. Kibao kinaweza kubadilika, na dereva wa boda ataendelea kusema jina la jengo au la steji. Ndiyo maana majina mawili au matatu kwa kila mahali yaliwasaidia kuliko pini.

Siku ya mikono mitupu nayo ilistahili gharama yake. Wengi wangeiona ni anasa, siku moja kati ya tatu. Lakini siku hiyo ndiyo iliyogundua kosa la Nasser Road kabla halijawatia hasara, na iliwapa bei za kulinganisha kabla ya kufungua pochi. Mnara si wa lazima. Mtu anaweza kutembea Kampala Road kutoka mwisho mmoja hadi mwingine akapata nusu ya elimu hiyo bure. Asichoweza kupata chini ni kuona jinsi mabonde yanavyokaa.

Loji ya Arua Park ina kelele, na Mzee hakulala vizuri usiku wowote. Hata hivyo, kwa mizigo na lugha, ulikuwa uamuzi sahihi kwa wajumbe wa biashara. Kwa mgonjwa peke yake haukuwa sahihi, na hapo kikundi kilichanganya safari mbili zenye mahitaji tofauti chini ya tiketi moja.

Karatasi ile imeshachorwa upya kwa safari ijayo. Mistari ni ileile, JUU na CHINI zimebaki, ila pembeni ya kila mahali sasa kuna vijisanduku vitatu: nani amethibitisha kwa simu, siku gani wanafungua, saa gani ya kufika kabla njia haijaziba. Kwenye mstari wa Kiruddu, Mzee mwenyewe ameandika siku yake ya kliniki kwa mkono wa kulia.